Mkono wa Mwangusha Fahali

Katika nyanda za Garsen, kabla krashi ya chuma, ile njia nyembamba ya kubania ng'ombe, haijajengwa, ng'ombe aliyetakiwa kuchanjwa, kuhasiwa au kutibiwa kwato aliangushwa chini kwa mikono ya watu. Na aliyeitwa kuliko wote kwa kazi hiyo alikuwa Jarso, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akikaribia miaka arobaini. Hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa mfupi, shingo nene, miguu imepinda kidogo kwa nje, na mtu asiyemjua angemdhania muuza duka. Lakini simu yake ikilia alfajiri, mkewe Barwako alijua kabla hajaambiwa kwamba mahali fulani kuna dume amewashinda wenyewe.

Namna yake ilikuwa moja. Alimwendea ng'ombe ubavuni, upande wa kushoto, polepole, huku akimsemesha kwa Kiorma kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Mkono wake wa kulia ulipita juu ya shingo ukakamata pembe ya upande wa pili. Wa kushoto ulishika pua. Kisha alikaza mwili mzima, akakipinda kile kichwa hadi pua ikatazama juu, na hapo mtu wa pili, aliyekuwa nyuma, akavuta mkia upande wake. Ng'ombe alikwenda chini kwa mshindo wa gunia linaloshushwa kwenye lori. Wachungaji vijana walipenda kutazama. Walisema Jarso hamwangushi ng'ombe, anamlaza.

Mtu wa mkia alikuwa Kalama, mkulima wa Kigiriama mwenye shamba la mahindi na ndizi upande wa Kulesa, mrefu, mchache wa maneno. Watu waliwastaajabia, kwani baina ya wakulima na wafugaji wa delta ile ya Mto Tana kuna mambo ya zamani ambayo hakuna apendaye kuyafukua. Lakini hawa wawili walikutana wangali vijana, siku ambayo ng'ombe wa baba yake Jarso waliingia shambani kwa kina Kalama wakala mahindi. Kalama alimrukia Jarso, wakapigana mieleka mchangani kando ya mto mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi, wakabaki wamelala chali, mmoja wao akaanza kucheka. Tangu hapo, kila kiangazi mto ulipopungua na kuacha mchanga wazi, walikutana kupigana mieleka, na safari hizo si kwa ugomvi. Jarso ndiye aliyeshinda karibu mara zote, na Kalama hakuona haya kwa hilo.

Ajali ilitokea siku ya chanjo, baada ya ukame mkubwa, wakati mifugo iliyosalia ilipoanza tena kushika nyama. Dume mwenyewe alikuwa mweupe, wa mtu wa Ndera, na wala hakuwa mkubwa sana. Jarso alikwisha kumshika, pua imeshatazama juu, akahisi mkia umeachiwa. Kalama alikuwa amekanyaga kinyesi kibichi, mguu ukamteleza. Ng'ombe badala ya kulalia upande wa pili akaja upande wa Jarso, wakaanguka pamoja, na uzito wote ukatua juu ya mkono wa kulia uliokuwa bado umeng'ang'ania pembe. Waliokuwepo walisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Jarso mwenyewe hakusikia kitu. Aliona tu mkono wake umelala mavumbini mbali naye. Akauamuru urudi, haukurudi.

Bega lilikuwa limeteguka. Mzee mmoja ajuaye mifupa alilirudisha palepale, chini ya turubai la watu wa chanjo, wanaume wakiwa wamemshikilia Jarso kifua na miguu.

"Litakaa sawa," mzee alisema, akajifuta jasho.

Na kweli lilikaa mahali pake. Majuma yakapita, maumivu yakapungua, uvimbe ukaisha. Lakini mkono ulibaki unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Vidole vilikunjika. Kiganja kilishika. Ila kiwiko hakikukunja, na bega halikuinuka hata kidogo. Barwako alimfunga kikoi asubuhi, akamvisha shati, akamkatia nyama. Jarso alitazama pembeni wakati wa kufanyiwa hayo.

Kalama alikuja kila baada ya siku chache, akileta ndizi au unga. Hakuwahi kuutaja ule mguu ulioteleza. Jarso naye hakuutaja. Walikaa nje ya nyumba, wakazungumzia mvua.

Hatimaye Jarso alikwenda hospitali, safari ya nusu siku. Aliyempokea alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke kijana wa Kipokomo aitwaye Tamar, mwenye kusema taratibu na kumtazama mtu usoni. Aliuinua ule mkono, akaushusha, akamgusa kwa pamba hapa na pale akimwuliza kama anahisi.

"Mishipa inayopeleka amri begani ilivutika ng'ombe alipokuangukia," alimweleza. "Huenda mingine imekatika, huenda yote imevutika tu. Iliyovutika hurudi, lakini hurudi polepole mno."

"Na iliyokatika?"

"Hiyo hairudi, kaka Jarso."

"Ni yule mzee aliyenivuta ndiye aliyeikata?"

"Sidhani. Nadhani ni ng'ombe tu."

Jibu hilo lilimkera. Angepata mtu wa kumkasirikia angalau angekuwa na kazi ya kufanya njiani akirudi.

"Niambie," Tamar alisema, "ungependa mkono huu ukufanyie nini?"

"Uangushe fahali."

Tamar hakucheka. "Sawa. Lakini tuanze na kidogo. Tuseme, kupeleka kikombe mdomoni."

Nje, Barwako alipomwuliza ameambiwa nini, Jarso alisema, "Nimepewa kazi ya mtoto mchanga."

Hata hivyo aliifanya. Alifunga mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye nguzo ya nyumba, akauvuta kila asubuhi baada ya swala, mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia. Alisimama mbele ya ukuta akavipandisha vidole kidogo kidogo, kama kumbikumbi, mpaka bega likagoma. Alilala ubavu juu ya mkeka, Barwako akakibeba kiwiko chake ili uzito upungue, naye akajaribu kukikunja huku meno yameumana. Barwako aliendelea kumsimulia habari za majirani, nani kaoa, mbuzi wa nani kapotea, kusudi asione jinsi asivyokunja.

Na moyoni alijipangia malengo yake mwenyewe, si yale ya Tamar peke yake. Kwanza kikombe. Kisha kunawa uso kwa mikono miwili. Kisha kubeba mtungi wa maji kutoka mtoni. Baada ya hapo mbuzi, baada ya mbuzi ndama, na mwisho dume mzima, mwenye nundu, wa kuitiwa watu watazame. Jioni aliyapitia malengo hayo kichwani kama anavyopitia ng'ombe wakiingia zizini, kila mmoja kwa jina na rangi yake.

Asubuhi moja, amelala kwenye mkeka, aliona kitu kikitikisika juu ya kiwiko, chini ya ngozi.

"Barwako! Weka mkono hapa."

Barwako aliweka vidole. "Sioni kitu."

"Ngoja."

Wakangoja wote wawili, pumzi wamezibana. Kisha ule msuli ukacheza tena, mara moja, kidogo sana, kama samaki aliyegusa uzi. Barwako alipiga kigelegele hata jirani akaja mbio kuuliza nani kajifungua.

Haukupita muda mrefu kikombe kikapanda. Chai nusu ilimmwagikia kifuani, lakini iliyobaki aliinywa, na ulioifikisha mdomoni ulikuwa ni mkono wa kulia. Alimpigia simu Kalama.

"Nimekunywa chai," alisema.

Kalama akasema, "Nakuja," na mchana alifika, jasho tupu, akakaa, akataka aonyeshwe. Jarso alikunywa tena mbele yake. Siku hiyo walicheka sana, na Kalama alikula chakula cha usiku pale, na alipoondoka alimshika Jarso mkono ule wa kulia, akaubana.

Ndipo mvua zikaja. Tana ilijaa, ikavunja kingo, ikatembea nchi nzima. Watu walihamia sehemu ya juu kando ya barabara, wakajipanga kwenye mahema na turubai, wafugaji huku, wakulima kule, na wote wakatazama maji yakipita juu ya mahali walipokuwa wakilala. Mahindi ya Kalama yalikwenda yote. Barabara ya kwenda hospitalini ilikatika, na ikakaa imekatika. Ndani ya hema Jarso hakuwa na nguzo ya kufungia mpira. Alipoufunga kwenye mti wa hema, hema lilimwangukia Barwako akiwa anapika. Hapakuwa na ukuta. Alilala ubavu kwenye udongo wenye unyevu, akavuta na kukunja bila wa kumshikia kiwiko, maana Barwako alikuwa akisimama foleni ya maji safi tangu alfajiri. Mbu walimkaa begani. Lile bega hakuweza kulitikisa ili wamwondokee.

Maji yalipokauka walirudi wakakuta nyumba imekaa chini kama mtu aliyechoka. Ilibidi kujenga upya. Majirani walikata miti na makuti, wakafunga, wakakandika udongo. Jarso alishika ncha ya kamba kwa mkono wa kushoto, na alipoambiwa aachie, akaachia. Hakuna aliyemkejeli. Walimwita ale kabla ya wengine, kama wanavyowaita wazee, na hilo lilimwuma kuliko kejeli.

Tamar alimpima tena.

"Kiwiko kimeongezeka," alisema. "Kimeongezeka vizuri. Hongera."

"Na bega?"

"Bega liko pale lilipokuwa."

"Ni kwa sababu ya mafuriko. Sikufanya vizuri kule mahemani."

"Mafuriko hayakusaidia. Lakini sidhani ni mafuriko, kaka Jarso. Msuli wa bega lako umeanza kupungua. Msuli usiopata amri hupungua."

Jarso alivaa shati lake, akijitahidi mwenyewe na vifungo. Njia nzima alikuwa akifikiri, na alipofika nyumbani alikuwa amepata jambo. Alimwita Kalama.

"Bega la kulia likataalo kuinuka, liache," alimwambia. "Nitamjia ng'ombe upande wa pili, upande wake wa kulia. Mkono wa kushoto ndio utakaopita juu ya shingo na kukamata pembe. Wa kulia utashika pua tu. Kushika unaweza. Kiwiko kinakunja. Umefahamu?"

Kalama alifikiri. "Pua haishikwi tu. Inainuliwa."

"Itainuka."

"Na mimi mkia nitauvuta upande gani?"

"Upande mwingine. Utajifunza. Mimi pia nitajifunza."

"Haya," Kalama alisema. "Tujifunze."

Walianza na mbuzi, nyuma ya nyumba ili wasionekane. Mbuzi walianguka. Hilo halikumfurahisha Jarso, kwa sababu mbuzi huangushwa na mtu yeyote mwenye njaa, lakini mwili ulikuwa ukijifunza njia mpya, mguu wa kulia mbele badala ya wa kushoto, nyonga ikiingia kutoka upande usiouzoea. Alianza kulala vizuri. Alirudia kula nyama nyingi. Barwako alimsikia akiimba zile nyimbo za kunyweshea ng'ombe, na yeye, aliyekuwa amejizuia kutumaini tangu mafuriko, akajikuta anatumaini, na akaogopa.

Kiangazi kilipofika, mto ukaacha mchanga, Jarso alisema wakapigane mieleka kama zamani. "Nataka kuona nguvu zangu zimefika wapi," alisema. "Mbuzi hawezi kuniambia."

Walivua mashati. Lile bega la kulia, likiwa wazi juani, lilikuwa limebonyea, mfupa umesimama peke yake kama jiwe. Kalama aliliona, akatazama mtoni. Kisha wakashikana.

Jarso aliingia kwa kushoto, akamkamata kiuno, akasukuma kwa kichwa. Kalama alirudi nyuma hatua kadhaa, akajaribu kumzungusha. Jarso akaukaza mguu, akainua, na mara Kalama akawa chini, mgongo mchangani, Jarso juu yake. Ilikuwa rahisi. Moyo wa Jarso ulikuwa ukienda mbio, akataka kupiga ukelele.

Kisha akatazama mkono wa Kalama. Ulikuwa umepita juu ya lile bega bovu, mahali ambapo mpiganaji yeyote angebana na kugeuza, na mchezo ungekwisha. Mkono ule ulikuwa umelala pale umelegea, vidole wazi, kama uliowekwa juu ya mtoto aliyelala.

"Umeniachia," Jarso alisema.

"Sikukuachia."

"Mkono wako ulikuwa hapa. Hukubana."

"Nilichelewa."

"Kalama."

Kalama alibaki amelala, akipumua, macho juu. "Ningebana vipi?" alisema. "Wewe niambie. Ningebanaje hapo mahali? Mimi ndiye niliyeteleza."

Lilikuwa neno la kwanza kati yao juu ya jambo hilo tangu siku ya ajali. Jarso aliinuka, akajifuta mchanga. Alitaka kumwambia kwamba mguu kuteleza si dhambi, kwamba yeye mwenyewe amewahi kuteleza mara nyingi, kwamba hajawahi kumlaumu. Baadhi ya hayo yalikuwa kweli. Lakini alichosema ni, "Simama. Twende tena, na safari hii unibane."

Kalama alisimama. Wakashikana tena, na Kalama akambana. Jarso alikwenda chini kabla hajajua ameguswa wapi. Wakarudia. Akaenda chini. Wakarudia tena mpaka Jarso akashindwa kuinuka kwa pumzi, uso umejaa mchanga, na Kalama amesimama kando akilia wazi kama mtoto, bila kujificha.

"Basi, ndugu yangu," Kalama alisema. "Basi."

Walirudi kila mtu kwa njia yake.

Miezi hiyohiyo mafundi walikuja Garsen kujenga krashi. Walichomelea mabomba ya chuma, wakatengeneza njia nyembamba ya kupita ng'ombe mmoja mmoja, na mwishoni lango la kubana shingo. Jarso alikwenda kutazama siku ya kwanza ya chanjo. Ng'ombe aliingia, akabanwa, akachomwa sindano, akaachiwa, akatoka akitikisa masikio. Akafuata mwingine. Madume waliokuwa wakikimbiza wanaume nyikani walipita mle wakitii. Kazi iliyokuwa ikichukua siku kutwa iliisha kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyechafuka nguo.

"Nzuri sana hii," mfugaji mmoja alimwambia Jarso. "Ingekuwepo zamani, ungekuwa na mkono wako."

"Kweli," Jarso alisema.

Alijiambia kwamba wafugaji wa manyata za mbali bado wataita. Lakini watu wa mbali nao waliswaga mifugo yao hadi kwenye krashi, na simu yake ikawa simu ya kupokea salamu.

Hapo ndipo Jarso alipofanya jambo ambalo Barwako hakulijua mpaka lilipokwisha. Alikuwa na ndama dume, wa ng'ombe aliyeokoka ukame, pembe ndiyo kwanza zimechomoza vizuri. Ndama kama yule alikuwa akimwangusha peke yake, bila mtu wa mkia, huku anaongea na watu. Mchana mmoja, Barwako akiwa sokoni, Jarso aliingia zizini akafunga mlango wa miiba nyuma yake.

Alimwendea kwa kulia, akimsemesha. Mkono wa kushoto ukapita shingoni, ukapata pembe. Wa kulia ukashika pua, ukashika vizuri kabisa, vidole vimeingia. Akakaza. Kichwa cha ndama kikageuka kidogo, na kwa muda mfupi Jarso alihisi ile hali aliyoijua, ile ya uzito unaotaka kuondoka miguuni. Akaiita nguvu yote iliyobaki ndani ya kiwiko iinue pua juu.

Pua haikuinuka. Ndama alianza tu kutembea. Hakukimbia wala hakurusha teke. Alitembea kuelekea kwenye kivuli, kama hakuna mtu shingoni mwake, na Jarso akaburutwa, miguu ikichora mistari kwenye kinyesi kikavu, hajaachia. Bega likatoka mahali pake, taratibu, bila sauti safari hii. Akaanguka. Ndama alisimama, akageuka, akaja akaanza kumlamba shati kwa ajili ya chumvi ya jasho.

Barwako alimkuta amekaa pale pale, amemwachia ndama alambe. Alimfunga mkono kwa mtandio wake, akaenda kutafuta gari.

Tamar alisubiri mpaka bega liliporudishwa na Jarso alipoacha kutetemeka kwa dawa ya usingizi. Kisha akavuta kiti.

"Nilikuambia usifanye nini na mkono huu?"

"Uliniambia."

"Sitakugombeza. Kaka Jarso, tangu uumie muda umekuwa mrefu. Kilichokuwa cha kurudi kimekwisha kurudi. Kiwiko kimerudi, si chote, lakini kimerudi. Bega halitarudi. Na sasa limeshatoka mara ya pili, litakuwa likitoka kwa urahisi."

"Hata nikiongeza mazoezi?"

"Hata ukiongeza."

Jarso alikitazama kile kiganja chake, akakikunja, akakikunjua. Kilikuwa na nguvu. Kilikuwa kimefungwa mwisho wa kitu kisichokwenda popote.

"Tuweke malengo mapya," Tamar alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Jarso alijua kwamba ameshawaambia hivi watu wengi. "Kujivisha shati bila msaada. Kukamua kwa mikono miwili, ukikaa chini, kiwiko juu ya goti. Hilo utaliweza. Na kulilinda bega lisitoke."

"Hayo ndiyo malengo?"

"Hayo ndiyo."

"Hakuna kingine juu ya hapo?"

Tamar alimtazama usoni. "Kwa mkono huu, hakuna," alisema.

Jarso alimshukuru. Alikuwa mtu wa adabu, na dada yule hakuwa amemkosea kitu. Walipotoka nje Barwako aliuliza, na safari hii Jarso hakuwa na la mzaha. Alimwambia yote, neno kwa neno. Barwako alisikiliza, kisha akasema watajua la kufanya. Wote wawili walijua kwamba hawajui.

Kalama hakuweza kulirudisha shamba lake baada ya maji. Alipanda, mchanga ulioachwa na mto ukaizika mbegu. Akapanda tena, na kiangazi kikaikausha. Alikwenda Madogo, mbali juu ya mto, kupakia na kushusha mizigo kwenye malori, kazi ya mabega. Alipokuja kuaga walikaa nje ya nyumba, wakazungumzia mvua. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye simu zikawa za sikukuu.

Wale wanaosimamia krashi walimpa Jarso kazi ya lango la kuingilia, siku za chanjo. Nyingi kati ya siku hizo husimama kwenye bomba, mkono wa kulia ameutia mfukoni ili usining'inie, wa kushoto ukivuta na kusukuma. Ng'ombe anaingia, yeye anafunga. Anafungua, anaingia mwingine. Wakamuaji wazuri hukamua kwa mikono miwili, na yeye amejifunza, kiwiko juu ya goti. Shati hujivisha mwenyewe. Yale malengo ya Tamar ameyatimiza yote, na kuyatimiza hakukumfanya ajisikie tofauti.

Juzi dume mmoja mweusi, mkubwa, alikataa kuingia. Alijigeuza njiani, akapiga ukuta wa watu, akatoka mbio uwanjani na kamba inaburutika. Vijana walimfuata. Mmoja, Mgiriama mrefu kwa jina Kadenge, alimrukia shingoni akatupwa. Wengine wawili wakamkamata, mmoja pembe, mmoja mkia, wakavutana naye huku na huku, kila mtu akipiga kelele ya kwake. Jarso alisimama langoni. Aliona mguu wa yule wa pembe ulivyowekwa vibaya, akaona mkia unavutwa mapema mno. Mwili wake wote ulikwenda mbele, kisha ukasimama. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wengi wa vijana wale walikuwa wageni, walikuja baada ya mafuriko, na kwao yeye alikuwa mtu wa lango. Mwishowe dume alianguka, kwa uzito wa watu tu, akadungwa sindano palepale chini, na vijana wakashangilia, wakapigana mabega, wakapiga picha.

"Fungua, mzee!" mmoja alimwita. "Wengine waingie!"

Jarso akafungua.

Jioni Barwako alikuwa akichambua mchele mlangoni alipomwona anakuja. Alimpokea kofia, akamletea maji ya kunawa, akarudi kwenye ungo wake.

"Leo kulikuwaje?" aliuliza.

"Ng'ombe walikuwa wengi. Kuna mmoja alitusumbua sana. Dume mweusi, alitoka njiani akakimbia."

"Ukamwangusha?" Barwako alisema, macho kwenye mchele.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Aliinua uso, akamtazama mumewe.

"La," Jarso alisema. "Walimwangusha wengine."

Akaketi kwenye mkeka karibu naye. Baada ya muda Barwako akaendelea kuchambua, na yeye akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kumsaidia kuondoa vijiwe.